Mumiani Kabatini: Juu ya Kukusanya Vitabu vya Kale vya Kutisha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, katika siku ya kukutana shuleni.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wenzangu mliotoka Masasi na Newala, nanyi mliosafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma mkiomba hotuba hii iwe fupi ili wali usipoe: nawasalimu nyote.

Kamati iliniandikia nizungumze juu ya jambo lolote lenye faida. Nimechagua jambo ambalo mama watoto, baada ya miaka mingi, bado hajakubali kuwa lina faida yoyote: kukusanya vitabu vya zamani vya wanyonya damu, mizimu na mazimwi, hasa vile vya toleo la kwanza. Kabati langu limejaa vitabu hivyo, na wageni wa nyumbani kwetu huombwa walale chumba kingine.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu. Nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali za huku Kusini kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi yenyewe ilikuwa kuchoma watu sindano na kuondoka na damu yao katika kichupa. Katika vijiji vingi jina langu la ubatizo lilisahauliwa mapema, nikaitwa Mumiani. Watoto walikimbia nikipita na baiskeli. Mama zao walicheka, lakini hata wao walinipisha njia pana kuliko ilivyohitajika. Nikajiambia, ikiwa nimepewa jina, heri nijue limetoka wapi. Hiyo ndiyo asili ya kabati langu.

Kwa nini toleo la kwanza?

Kijana mmoja ameniuliza asubuhi hii: hadithi ni ile ile, kwa nini utafute kitabu kikuukuu wakati kipya kipo? Swali ni zuri. Nitalijibu kwa mfano.

Bram Stoker, mtu wa Ireland aliyekuwa meneja wa jumba la michezo la Lyceum mjini London, alitoa kitabu chake Dracula mwezi wa Mei 1897. Jalada la toleo lile lilikuwa la kitambaa cha manjano chenye herufi nyekundu, na siku hizi nakala moja huuzwa kwa maelfu ya pauni. Mimi sinayo, wala sitakuwa nayo, labda korosho zipande bei kupita kiasi. Ninayo chapa ya baadaye ya bei ndogo. Ndani yake mna binti aitwaye Lucy, anayenyonywa damu usiku hadi anakuwa mweupe kama karatasi. Madaktari wanaamua kumwongezea damu. Wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, wanatoa damu yao na kutiwa binti yule, bila mtu kuuliza damu ya nani inapatana na ya nani. Kila nikifika hapo moyo wangu wa kimaabara hushtuka kuliko pale jitu lenyewe linapotokea dirishani.

Je, mwandishi alikuwa mzembe? Hapana. Ni Karl Landsteiner wa Vienna aliyeeleza makundi ya damu, naye alifanya hivyo mwaka 1901, miaka minne baada ya kitabu kutoka. Tarehe iliyo kwenye ukurasa wa mbele inamtetea mwandishi. Inatuambia watu wa siku zile walijua nini na hawakujua nini. Anayesoma kitabu bila kutazama tarehe yake husikia mtu akisema, asijue anasema kutoka wapi.

Tena hadithi siyo "ile ile" sikuzote. Mwaka 1901 Valdimar Ásmundsson aliitoa Dracula kwa Kiiceland. Miaka zaidi ya mia ikapita, watu wa nje wakidhani ni tafsiri tu, mpaka mtafiti Hans de Roos alipoilinganisha na Kiingereza na kukuta kwamba sehemu kubwa ni hadithi nyingine, yenye wahusika wengine. Na tusiende mbali hivyo. Mwalimu Nyerere alitafsiri mchezo wa Shakespeare na kuutoa mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 aliutoa tena, ameusahihisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwenye toleo moja tu hawezi kuona jinsi Rais wa nchi alivyokaa chini kusahihisha kazi yake mwenyewe. Mwenye yote mawili anaona, na hilo ni somo kwa kila mwanafunzi anayechukia kurudia insha.

Kinachopendwa ndicho kinachopotea

Jambo la pili nililojifunza ni hili. Kitabu adimu mara nyingi siyo kile kilichochapwa kichache, bali kile kilichopendwa sana. Uingereza, kati ya miaka 1845 na 1847, hadithi ya mnyonya damu aitwaye Varney iliuzwa kwa vipande vya peni moja. Vijana wa kazi walivinunua, wakapeana, wakavifungia vitu, wakaviwashia moto. Ndiyo maana vipande hivyo ni vigumu kupatikana leo, wakati vitabu vya mahubiri vya miaka ile ile vimelala vizima katika maktaba, havijaguswa na mtu.

Kwetu ni vivyo hivyo. Nani kati ya wazee walio hapa hakusoma Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965? Wengine mliisoma chini ya shuka kwa tochi, baada ya kengele ya kulala. Nakala moja ilizunguka bweni zima. Kwanza lilitoka jalada, kisha kurasa za mwisho, hata mtu akawa hajui muuaji ni nani mpaka amwulize aliyetangulia kusoma. Sasa nitafutieni toleo la kwanza la kitabu hicho, zima, na jalada lake. Mimi nimezunguka toka Mtwara mpaka Tunduru. Nimekuta kurasa zake zimefungia karanga.

Nunda na Askofu

Vijana wengi hudhani hadithi za kutisha zililetwa na filamu. La. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa UMCA aliyekuwa Unguja, alichapisha London kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo mna Sultani Majinuni na paka wake. Paka anaanza na kuku, sultani anasema mwacheni, paka ni wangu na kuku ni wangu. Anahamia kwa mbuzi na ng'ombe, jibu ni lile lile. Anafikia watu, hata wana wa sultani mwenyewe, na hapo ndipo anapoitwa nunda, mla watu. Hadithi ile ilivuka bahari: mwaka 1901 Andrew Lang aliitia katika kitabu chake cha hadithi cha rangi ya urujuani, watoto wa Uingereza nao wakalala na hofu ya nunda wetu.

Sasa sikilizeni linalotuhusu sisi. Miaka sita baada ya kitabu kile, yaani mwaka 1876, Steere yule yule, sasa askofu, alipanda kwa miguu kutoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Hivyo mtu aliyempa nunda karatasi na wino ndiye aliyeanzisha misheni ya Masasi. Nilipoijua habari hiyo, mkusanyo wangu haukuwa tena mchezo wa mtu mmoja, bali sehemu ya historia ya mahali hapa.

Kuna jambo lingine katika hadithi ya nunda ambalo nawaomba mlishike, maana nitalirudia. Mwana mdogo wa sultani anatoka kwenda kumwua nunda. Anaua mnyama mmoja, anamleta kwa shangwe. Mama yake anamtazama mnyama na kumwambia siye. Anaua wa pili, siye. Anaendelea hivyo mara nyingi, na kila mara mama anatazama kwanza, kisha anasema siye, hata afikapo yule mwenyewe.

Mumiani

Na jina langu je? Fungueni kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Huyu ndiye aliyetufasiria Mashimo ya Mfalme Suleimani, na ndiye pia aliyeandika juu ya lugha ya Kimakonde. Kamusi inaeleza kwamba mumiani ni kitu cheusi kama gundi, dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu mengine, inayosemekana kutoka Uajemi. Kisha inaongeza kwamba watu wengi wanasadiki kuwa ni damu ya binadamu waliouawa kwa kazi hiyo, na kwamba uvumi ukianza watu hawatoki nje baada ya jua kuchwa. Neno lenyewe ni la Kiajemi kweli, na asili yake ni nta. Dawa ya dukani imegeuka kuwa muuaji wa usiku.

Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, na mwaka huo huo lilikuwa na barua za wasomaji juu ya mumiani. Kenya na Uganda, na hata kwetu, lawama ziliwaangukia wazimamoto, watu wenye gari jekundu na mipira mirefu. Mwaka 2000 Luise White, mwanahistoria wa Marekani, alitoa kitabu kizima juu ya habari hizi, na anasema jambo la busara: tusiwacheke waliosimulia, tuulize walikuwa wanasema nini.

Nami nikiangalia Kusini yetu, naona walikuwa na la kusema. Hapa ilipita njia ya watumwa kwenda Kilwa. Hapa ilipita Maji Maji ya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata. Mwezi wa Oktoba 1917 walipigana Mahiwa, na vita vile vilikuwa na wapagazi waliochukuliwa vijijini wasirudi. Mtu aliyeona ndugu yake akichukuliwa na watu wenye nguvu, asijue amepelekwa wapi, akiambiwa kuna watu wanaokula damu, atakataa kwa hoja gani? Hofu ile haikuzuka hewani. Ilikuwa kumbukumbu iliyovaa nguo nyingine, kama vile lipiko linavyovaa uso usio wa mchezaji, na kila mtu uwanjani anajua ndani kuna mtu.

Lakini kumbukumbu ikiachwa ikimbie usiku bila tarehe wala jina, inaua. Siku ya tarehe 1 Oktoba 1916 ingekuwa zamani, tungesema ni ujinga wa wakale. Ilikuwa tarehe 1 Oktoba 2016. Katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watu watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, watafiti wawili na dereva wao, waliitwa wanyonya damu, wakauawa, na gari lao likachomwa. Walikwenda kwa ajili ya udongo. Mwaka uliofuata, 2017, ilikuwa zamu ya jirani zetu wa Malawi. Katika wilaya za kusini, Mulanje na Phalombe zikiwamo, watu kadhaa waliuawa kwa uvumi huo, na Umoja wa Mataifa ukaondoa watumishi wake katika wilaya hizo mbili.

Vijana, baadhi yenu mtakuwa watafiti hao. Wengine mtakuwa wauguzi, wapima ardhi, madereva. Na wengine mtakuwa katika kundi la watu lililozunguka gari. Hadithi ya nunda inawauliza ninyi wa kundi hilo: mama ametazama? Amesema ndiye?

Bwana Msa na Sherlock Holmes

Katika kabati langu vitabu viwili vimekaa bega kwa bega. Cha kwanza kina hadithi ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1924 juu ya mnyonya damu wa Sussex. Mama mmoja ameonekana ameinamia shingo ya mtoto wake mchanga, midomo ina damu. Nyumba nzima inasema ni mnyonya damu. Sherlock Holmes anakuja, anaangalia silaha zilizotundikwa ukutani, anaangalia mbwa aliyepooza, anaangalia uso wa mtoto mkubwa wa mke wa kwanza. Kumbe mtoto yule, kwa wivu, alimchoma mdogo wake kwa mshale wenye sumu, na mama alikuwa anaifyonza sumu itoke. Aliyeitwa muuaji ndiye aliyekuwa anaokoa.

Cha pili ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, kikachapwa mwaka 1960. Toleo hilo ninalo. Pembe moja imeliwa na mende, lakini ukurasa wa tarehe upo. Maiti inakutwa penye mzimu, na mtu wa kwanza kusingiziwa ni mzimu wenyewe. Bwana Msa anawasha kiko chake, anauliza maswali, anapima maneno ya kila mtu, na mwisho wake mkono uliofanya kazi ile ni wa binadamu. Kitabu kile kilitoka mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Kwangu mimi, kumfundisha msomaji wa Kiswahili kuuliza "nani aliona, na aliona nini?" lilikuwa ni sehemu ya uhuru wenyewe.

Njia hiyo niliitumia kazini. Usiku mmoja mama alikuwa anatokwa damu baada ya kujifungua. Kaka yake alikuwa na damu inayopatana naye, lakini alikataa kutoa, kwa kuwa amesikia damu inauzwa. Kumgombeza kusingesaidia kitu, na muda haukuwapo. Nikamwambia, ndugu yangu, toa, kisha usiiache damu yako hata hatua moja. Alitoa. Akaifuata kwa macho kutoka mkononi mwake mpaka mezani kwangu nilipoipima, na kutoka mezani kwangu mpaka kitandani kwa dada yake. Akasimama pale akiihesabu inavyodondoka. Dada yake alipona. Tangu siku ile, mtu akinisema ni mumiani mbele ya yule kaka, alikuwa anajibiwa na yeye, siyo na mimi.

Namna ya kutafuta na kutunza

Kwa wale mtakaopenda kazi hii, nina machache ya kuwaambia. Fungueni nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Pale pameandikwa toleo la kwanza lilitoka lini na limechapwa tena mara ngapi. Tazameni pia jina la mchapishaji: East African Literature Bureau ilikwisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, basi kitabu chenye jina lake hakiwezi kuwa cha juzi. Msikate jina la mwenye kitabu wa kwanza, wala mhuri wa maktaba ya zamani. Hizo ni hati zake za safari. Msigundishe machozi ya karatasi kwa selotepu, maana ikizeeka inageuka kahawia na kula herufi.

Adui zetu hapa ni mchwa, mende, panya na unyevu wa masika. Kabati lisiguse ukuta. Miguu yake isimame katika makopo yenye mafuta ya taa kidogo. Majani makavu ya mwarobaini yawekwe nyuma ya vitabu. Kila mwaka, korosho zikianza kuanikwa, nami huanika vitabu, ila kivulini, siyo juani.

Ombi langu

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikaa Newala, akanasa nyimbo za watu wetu katika mitungi ya nta, akakusanya vinyago na vyombo, akavipeleka Leipzig. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Mjukuu wa waimbaji wale akitaka kujua babu zake walisema nini, inabidi aulize Ulaya. Sitaki mjukuu wangu aulize Ulaya ili asome Kiswahili cha mwaka 1960.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo mawili. Kwanza, maktaba ya shule itenge rafu moja yenye mlango na kufuli kwa vitabu vya Kiswahili vya zamani. Mimi naianza leo kwa vitabu kumi na viwili, na Mzimu wa Watu wa Kale cha 1960 ni kimojawapo. Pili, kila mzee aliye hapa akirudi nyumbani afungue lile sanduku la bati chini ya kitanda, kabla mchwa hawajalifungua. Msione haya kwamba kitabu hakina jalada au ni cha mambo ya mizimu. Hicho ndicho tunachokitafuta.

Nanyi vijana, mkisomewa au kusimuliwa habari ya kutisha, iandikeni: nani kasema, lini, wapi. Uvumi ulioandikwa tarehe husimama mahali pamoja, mtu akauzunguka na kuutazama pande zote. Atakayefanya hivyo vizuri nitamwazima funguo za kabati.

Wali nausikia unanukia.